Shati la Mtu Mwenye Mtumishi

Kadi ilitaka tai nyeusi ya kipepeo na koti la jioni. Koti nikaazima kwa shemeji. Kazi ikabaki kwenye shati.

Mitumba ya Ilala, kijana akaniinulia jeupe, kola imesimama, ncha mbili zimechungulia mbele. "Hili wanavaa mabwana harusi, kaka." Nikalirudisha. Kola ya hivyo kwao ni kwenye koti la mkia na tai nyeupe. Ukiitilia tai ya kubana kwa ndoana, ukumbi mzima unaiona ndoana. Kola ya kulala inasitiri. Edward VIII wa Uingereza aliivalia koti la jioni, wakati wakubwa zake wamekabwa na kola ngumu. Mtu aliyeuacha ufalme mwaka 1936 ili aoe, kola ingemshinda?

La kola ya kulala likapatikana. Kifua ni nguo mbili zenye marinda membamba. Mgongo ni mwepesi kama chandarua, maana aliyelibuni alijua koti halivuliwi. Vifungo vya kifuani hakuna. Kulia matundu, kushoto matundu: unapachika vishikizo vyeusi au vya shaza, ambavyo navyo vinanunuliwa peke yake. Mikono nayo ni mirefu, mwisho wake hukunjwa kurudi nyuma ndipo ufungwe. Nguo hii, kwa maoni yangu, ilikusudiwa mtu mwenye mtumishi wa kumvisha.

Nikampelekea fundi cherehani wa mtaani apunguze ubavuni tu. Jioni akanikabidhi limepigwa pasi, uso umejaa fadhila. "Hawa Wazungu walikosea, mzee." Matundu ya upande mmoja ameyaziba yote, ameshona vifungo vya sare ya shule. Mikono iliyozidi ameikata, vipande kavitia kwenye mfuko. "Weka, ipo siku utataka kiraka." Hela ya kukata hakudai.

Nikalivaa hivyo hivyo. Tai ilificha kifungo cha juu, koti likaficha dhambi nyingine. Ndani, kwa kuwa mvua ilikuwa imelowesha fulana zangu zote kambani, nilitia jezi ya Yanga. Mambo yalikwenda vizuri hadi kiyoyozi kilipozima, mshereheshaji akatuhurumia na kuruhusu makoti yavuliwe. Shemeji akalidaka lake kabla sijakataa.

Meza yetu nzima, kumbe, ni Simba.