Namna ya Kutapeliwa Bila Kutoka Murungu

Zamani mtu wa Murungu, huku Kibondo, akitaka kutapeliwa kisawasawa, ilimbidi apande basi hadi Kariakoo, Dar, akauziwe sabuni iliyofungwa vizuri kwenye boksi la simu. Siku hizi huduma zimesogezwa kwa wananchi. Bando na salio vinatosha. Fuata hatua hizi.

1. Chagua tangazo lenye haraka. "Samsung, imetumika miezi miwili, nahamishwa kikazi, bei ya kutupa." Kama bei ni nusu ya ile ya Kibondo mjini, usijiulize imekuwaje Dar nzima isiione, ikakusubiri wewe uliye umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

2. Ridhika na picha. Mnadani humlipii mbuzi kabla hujampapasa mbavu na kumtazama meno. Simu usiidhalilishe hivyo. Usimwambie muuzaji ajirekodi video akiiwasha huku akitaja jina lako. Wala usimwambie abonyeze *#06# akutajie IMEI, maana ungeituma kwenda 15090, ukajua kama ni Samsung kweli au ni ndugu yake wa kambo.

3. Tuma hela kwa imani. Atasema, "Tuma nusu tu, kaka, mzigo upande gari la alfajiri." Dakika tano baadaye: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kabla hujaweka namba ya siri, simu itakuonyesha jina la mpokeaji. Usilisome. Likiwa la mwanamke na wewe umeongea na mwanaume, ndiye shemeji yako huyo. Huenda kwa kweli ni bibi wa watu asiyejua lolote: siku ya kusajili laini kwa alama za vidole aliambiwa "kidole hakijasoma, rudia," na laini ya pili ikaondoka na msajili. Wewe nawe usibonyeze *106# kuangalia kitambulisho chako cha NIDA kimebeba laini ngapi. Kutojua ni raha.

4. Subiri mzigo. Utatumiwa picha ya risiti ya basi. Usipige ofisi ya basi kuuliza kama mzigo umepokelewa. Utaonekana humwamini mwenzio. Usiku atapiga: "Kaka, mzigo umeshikwa njiani, ongeza 15,000 uachiwe." Ongeza. Aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia.

5. Ukishalizwa, nyamaza. Usikimbilie kupiga huduma kwa wateja waizuie hela kabla haijatolewa. Usiiripoti namba ya tapeli kwa kuituma kwenda 15040. Usiende polisi, ingawa Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ona aibu, kaa kimya, ili kesho jirani yako naye ahudumiwe kwa namba ileile.

Kwa wavivu wasioziweza hatua zote tano, ipo njia ya mkato. Mtume ndugu aliyeko Dar akaishike simu, aweke laini, apige, asikie, ndipo hela itoke. Au nenda Kibondo mjini, lipa zaidi kidogo, udai risiti dukani. Hasara yake ni moja: simu ikileta shida, utalazimika kugombana na mtu ambaye unajua kabisa anakaa wapi.