Sifa za Kiraka cha Lami

Kiraka cha lami hakijawahi kukatiwa utepe. Barabara mpya huwekewa jiwe la msingi, hupigiwa ngoma, na Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani huizindua huku watoto wa shule wakiimba juani. Kiraka huzaliwa Jumamosi asubuhi bila mgeni rasmi, mikononi mwa vijana wawili waliovaa kandambili, na adhuhuri haijafika kimeshakanyagwa. Lakini uliza ni nani kati ya barabara mpya na kiraka anayekufikisha mlangoni kila jioni. Kwenye njia ya kuingilia magorofa yetu hapa Dar es Salaam, lami ya asili imebaki visiwa tu, bahari yote ni viraka. Ni adabu basi kilichotubeba miaka yote hii kisifiwe, tena kisifiwe kingali hai, maana masika yajayo hatujui kama kitayavuka.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa hasifiwi asiye na kwao. Baba yake ni jua. Lami ikiwa changa ni laini, inabonyea kidogo na kurudi. Jua na hewa huikausha mwaka hadi mwaka, weusi unageuka kijivu, na inafika siku inakatika kama kaukau. Mama yake ni maji, ambayo hayagongi hodi. Ufa mwembamba kama unyasi unayatosha. Yakishuka yanakuta kifusi kilichoshindiliwa, yanakilainisha, gari linapita juu, tope linaruka kupitia ufa uleule, na pale lilipotoka panabaki uwazi. Lami inakaa juu ya uwazi siku mbili tatu kwa ushujaa wa kupigiwa mfano, kisha inazama. Ukiona tope jepesi limetapakaa kando ya ufa baada ya mvua, ujue posa imeshapelekwa.

Ukoo huu una mjomba mwenye mali, naye ni boza la maji. Bomba likikauka tunachanga, boza linaitwa, linaingia kinyumenyume likilia mbiu. Uzito kama wake ulishapimwa madhara yake: kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio, wakawapa wanajeshi malori wayazungushe humo mpaka lami ichoke. Waligundua kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji kabla hujahesabu chuma chake. Ekseli yake ikiwa nzito mara 10 kuliko ya Vitz, basi kwa kanuni hiyo pito lake moja ni sawa na mapito 10,000 ya Vitz. Kumbe zile kelele za kila mkutano wa wakazi, kwamba mwenye magari mawili achangie zaidi ya mwenye moja, tumezipiga bure. Aliyeitafuna njia ni yule tunayempigia simu wenyewe na kumshukuru akija.

Kuzaliwa kwa kiraka ni jambo la kutazamwa kwa karibu, na wapangaji wengi hawalijui kwa kuwa Jumamosi wamelala. Pipa linawekwa juu ya mawe, kuni zinawashwa chini yake, na moshi mweusi unapanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa ghorofa ya pili. Lami ikishayeyuka inachotwa kwa kopo lenye mpini wa nondo, inamiminwa kwenye keni ileile ya kumwagilia maua, na fundi anainyunyiza shimoni kwa mkono mwepesi. Mwenzake anarusha kokoto ndogo kwa koleo. Kisha inatafutwa pikapu yoyote iliyo karibu, dereva anaombwa aende mbele na kurudi nyuma mara kadhaa, na hapo kazi imeshindiliwa.

Vitabu vinataka vingine. Vinataka shimo likatwe kingo zikae wima na pembe zake zinyooke mpaka ufike kwenye lami nzima, lisafishwe, likauke, lipakwe lami nyembamba ya kugundisha, kisha lijazwe lami ya moto kwa tabaka na kila tabaka lishindiliwe kwa mashine. Lami hiyo hutoka mtamboni ikiwa na nyuzi joto 150 hivi, na ikipoa kabla ya kushindiliwa imekuwa mawe matupu. Mtambo hauuzi kwa ndoo. Ukiagiza kidogo, lori linakaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela mpaka mzigo unapoa. Niliwahi kumuuliza fundi kama angekata kingo. Aliniangalia kwa huruma.

“Bosi, hii tunaziba tu. Inakaa.”

“Itakaa muda gani?”

“Hapo inategemea na mvua, bosi.”

Sijapata kusikia mkataba wenye ukweli kuliko huo.

Kiraka pia ni mtunza kumbukumbu. Anayejua kusoma anatembea kutoka getini hadi kwenye maegesho na kupata historia ya uongozi wetu wote bila kufungua jalada. Karibu na geti pana kiraka cha zege, enzi ya mwenyekiti aliyebakiwa na mifuko ya saruji kwenye ujenzi wake wa Kibamba. Zege ni gumu, lami inabonyea, kwa hiyo wawili hao walitengana ndani ya msimu mmoja, na sasa zege limesimama peke yake, limezungukwa na mfereji. Mbele kidogo unakuta utawala wa vipande vya tofali na vigae, wakati mweka hazina alipotuaminisha kwamba kifusi ni kifusi. Inafuata lami baridi ya kwenye mifuko, kazi ya mwenyekiti msomi, iliyomwagwa shimo likiwa bado na maji kwa kuwa mgeni wake alikuwa njiani. Chini ya mwembe, pale linapoegeshwa gari moja ninalolijua linalovuja oili, viraka vimelainika na kumeng’enyuka, kwani oili na lami vyote vimetoka kwenye mafuta ghafi na vinatambuana upesi. Na kwenye kona kipo kiraka kilichowekwa juu ya kiraka kilichowekwa juu ya kiraka. Hapo pamepanda mpaka pamekuwa tuta, na bajaji zinapunguza mwendo bila kuwekewa kibao.

Maadui hawakosi. Mkubwa wao ni binti wa ghorofa ya tatu, mhandisi wa barabara, ambaye huipita njia hii ameinamisha kichwa tukadhani ni heshima. Ananiamkia na kuniita mjomba, kwa hiyo nalazimika kumsikiliza. “Mjomba,” aliniambia, “kiraka kinaziba juu. Hapa pameoza chini.”

Anataka mambo ya ajabu. Anataka mvua kubwa ikikatika tushuke tuone maji yametuama wapi na yanakawia kiasi gani. Anataka tuchomeke nondo kwenye nyufa: ikigota kwenye kokoto ngumu, iliyochoka ni lami yenyewe na chini bado ni kuzima, lakini ikizama topeni, tumwache fundi apumzike. Anataka tutafute zile nyufa zinazokatana kwenye mapito ya magurudumu na kuacha vipande vidogo vidogo, ambazo wenzake wanaziita ngozi ya mamba, kwa kuwa chanzo chake mara nyingi kiko chini. Tena anataka tupime eneo kwa futikamba. Shimo moja moja lililozungukwa na lami nzima, ziba kwa amani. Ubovu ukikaribia robo ya njia, anzeni kuchanga. Ukifika theluthi, kila shilingi ya kiraka mmeitupa. Njia ya namna hii ikijengwa vizuri na kuondolewa maji huishi miaka 15 hadi 20, pengine zaidi, na yetu ni kubwa kuliko yeye kwa umri.

Tiba zake nazo ni za kutisha. Chini kukiwa kuzima, ukwangue juu na utandike lami mpya ya milimita 40 au 50. Chini kukiwa kumeoza, ufukue, uzoe tope, ushindilie kokoto kimo cha milimita 150 hadi 200, ndipo lami ije juu yake, huku ukiacha mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yapate pa kwenda. Kutandika mpya juu ya iliyooza, anasema, kutatupa nyufa zilezile mahali palepale, ila safari hii tutakuwa na deni.

Sisi wafuasi wa kiraka tulimjibu kwa methali, kama watu wazima: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulidhani tumemmaliza. Akauliza ni lini tuliwahi kuziba ufa. Methali, kwa maelezo yake, inasema ufa, na ufa mwembamba ukizibwa mapema kwa lami nyepesi kabla ya masika, njia inaongezewa miaka kwa pesa kidogo. Sisi ufa tunausalimia tu, tunangoja uwe shimo linalomeza gurudumu la bajaji, ndipo tunaikumbuka methali. Wazee wawili waliinuka kwenda kuswali ingawa adhana ilikuwa bado.

Akaja na hesabu. Tuseme viraka vya mwaka mmoja vinagharimu sehemu moja ya kumi ya njia mpya. Baada ya miaka kumi mmeshalipa njia mpya nzima, na njia mpya hamnayo. Hesabu hii haina kosa hata moja. Imesahau tu kwamba ile sehemu moja ya kumi huchangwa kimyakimya kwa simu, ilhali kumi zote zinahitaji mkutano.

Na mkutano ndio unaofunua ukuu wa kiraka. Weka mezani ajenda ya kubandua na kujenga upya, na mama wa ghorofa ya nne asiye na gari atauliza kwa nini alipie magurudumu ya wengine. Mpangaji atasema hilo ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Muscat, hapokei simu. Wa ghorofa ya chini anaogopa mteremko mpya utamwelekezea maji barazani kwake, na ana haki. Mstaafu anapendekeza pevingi, kijana anapendekeza zege, na kufikia saa nne usiku tumeunda kamati ndogo ya kupitia mapendekezo ya kamati. Weka mezani kiraka, watu wanaafikiana kabla chai haijapoa. Nchi ngapi zimejaliwa kitu chenye kuunganisha watu namna hiyo?

Mwaka huu binti alileta ripoti iliyoandikwa vizuri, yenye picha za nondo ikiwa imezama topeni na ramani ya njia iliyopakwa rangi nyekundu. Nyekundu ilizidi theluthi. Mwenyekiti aliisoma yote kwa sauti, mara mbili akasimama kuvua miwani na kuifuta. Tulimpigia binti makofi, mzee mmoja akamwombea dua apate kazi nje ya nchi. Likapitishwa azimio kwamba ripoti ipokelewe, itolewe nakala, na ijadiliwe kwa kina mvua zikiisha. Mweka hazina alitoka nje kumpigia simu fundi. Fundi anasema kuni zimepanda bei, apewe nusu kwanza, na pikapu tutafute wenyewe.