Faini ya Neema

Katika kikoba chetu hakuna anayemwogopa Mwenyekiti. Tunayemwogopa ni Mtunza Nidhamu, mwalimu mstaafu mwenye bakuli la plastiki la bluu. Ukichelewa, mia tano. Simu ikiita, mia tano. Ukisema bila kunyoosha mkono, mia tano. Ukisinzia unaamshwa kwanza kwa upole, kisha mia tano. Na kila mkutano ukifunguliwa humnyooshea mtu kidole na kumwuliza mfuko wa jamii ulifungwa na shilingi ngapi mara ya mwisho. Hilo la kukariri salio hakulizua yeye. Vikundi vya namna yetu vilianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na akina mama wa huko, wengi wao wasiojua kusoma, waliweka hesabu zote kichwani. Sisi wenye vyeti vya kidato cha nne tunatoa mia tano.

Kikundi kina watu wa wilaya mbili, Ngara na Biharamulo, kwa hiyo mkutano unahama: wiki hii Benaco, wiki ijayo Nyakahura. Aliyetoa wazo hilo alitafuta haki, akapata wilaya mbili zinazochelewa kwa zamu. Barabara ni ileile ya malori ya Kigali na Bujumbura, na lori moja likilala ubavu kwenye kona, uchumi wetu wote unalala nalo. Wa Ngara huwatania wenzao wa Biharamulo kwamba waliizembea Chato ikawa wilaya ya peke yake mwaka 2005, wasije wakauzembea na ufunguo wa sanduku. Utani huo nao una faini, ila wanaona unastahili gharama.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Benaco, na tulikuwa na mgeni: kijana mwanafunzi kutoka Denmark, aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi na kukaa na familia moja ya Ngara mjini. Mama mwenye nyumba, mwanachama wetu, alimleta aone jinsi wananchi wanavyojikwamua. Sanduku likawekwa mezani, likaitwa ufunguo wa kwanza, ukaja. Wa pili, ukaja. Wa tatu ulikuwa mfukoni mwa mzee wa Nyakahura, na mzee alikuwa nyuma ya lori.

Sanduku la kufuli tatu halifunguki kwa kufuli mbili, ndiyo maana likawekewa tatu. Mwenyekiti akasalimia. Katibu akasoma muhtasari, akausoma tena polepole. Tukaimba. Mwenyekiti akaeleza Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na jinsi ilivyotuweka daraja la nne, jambo ambalo wanachama wengine walilichukulia kama tusi. Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu muda wote. Mwishowe Mtunza Nidhamu akasema, "Mwanangu, hebu na wewe tuambie, kwenu mna vikundi?"

Kijana akasimama, akanyoosha mkono kwanza, na hapohapo akawa kipenzi cha Mtunza Nidhamu. Akasema, "Shikamooni. Baba yangu yuko Rotary." Akaeleza kuwa Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris na wenzake, na kwamba mwanzoni walikutana ofisi ya huyu, kisha ofisi ya yule. Watu wa Nyakahura wakapiga makofi, wakijiona wana ndugu Marekani. Mwenyekiti, asiyependa kupitwa na habari, akadakia kuwa Nairobi walikuwa nayo tangu 1930. Alisema bila kunyoosha mkono. Mia tano.

"Na sisi tuna faini," kijana akaendelea. "Ila kwenye klabu ya baba unatozwa ukipata bahati. Umenunua gari, unalipa. Picha yako imetoka gazetini, unalipa. Umepata mjukuu, unalipa, na watu wanacheka."

Nilimtazama Mtunza Nidhamu. Alikuwa amenyanyua bakuli.

"Katibu," akasema taratibu, "nani hapa ameezeka bati jipya mwezi huu?"

Hamkani si shwari tena. Mwenye bati akasema bati si lake, ni la shemeji, yeye kalihifadhi tu. Juu ya paa? Ndiyo, ndiko kusikoota kutu. Mama aliyekuwa ametutangazia kwa vigelegele kwamba ng'ombe wake amezaa alisimama akaeleza kuwa ndama ni dhaifu, tena ni dume, na kwa kweli aliyemtazama vizuri angempa pole. Baba ambaye mwanawe amechaguliwa kwenda sekondari alisema shule yenyewe iko mbali mno, ni kama adhabu. Kwa muda wa nusu saa nikaona kundi la watu wenye afya na mashamba likigeuka kundi la waathirika. Mgeni aliandika kila kitu kwenye daftari. Naogopa huko Denmark sasa wanatuchangia.

Mzee wa ufunguo akafika, vumbi hadi kwenye kope. Akatoa mia tano ya kuchelewa bila kuulizwa, maana ni mtu mzima. Kisha, asijue kilichopita, akasema kwa furaha, "Lakini Mungu ni mwema, jamani, lile lori lilikuwa la ndizi na dereva akatugawia!" Mkungu ulikuwa bado umefungwa nyuma ya bodaboda.

Alilipa. Mwenye bodaboda naye, ambaye hata si mwanachama, akalipa.

Wiki iliyofuata, Nyakahura, wanachama walikuja na kandambili. Wenye vitenge vya sikukuu walivigeuza ndani nje. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kupanda kilima cha hapo kwa miguu tangu achaguliwe, alitokea akihema na fimbo mkononi. Pikipiki yake Mtunza Nidhamu aliikuta nyuma ya duka la pembejeo, imefunikwa majani ya migomba, injini bado ya moto. Hakusema neno. Alimwita Katibu afungue katiba ukurasa wa faini, akamwonyesha mstari mtupu chini kabisa, akamwambia aandike: kuficha neema, elfu moja.