Kikoi Katika Milima ya Arcadia

Mji mdogo wa Dimitsana, uliotundikwa juu ya majabali ya Arcadia katikati ya Peloponnese, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, umepata sifa katika tarikhi ya Uyunani kwa jambo ambalo kila mwandishi apaswa kulisikia akiwa ameketi. Yalipozuka mapigano ya mwaka 1821 dhidi ya dola ya Waturuki, watu wa hapo, ambao walikuwa hodari wa kutengeneza baruti kwa nguvu za maji, waliona kwamba baruti wanayo lakini karatasi ya kuifungia pamoja na risasi ni haba, basi wakaiendea maktaba ya madrasa yao mashuhuri, iliyoasisiwa mwaka 1764, wakavichana vitabu. Nilisimama mbele ya vile vilivyosalimika nikijiuliza kama katika umri wangu wote wa kuandika nimepata kutunga ukurasa uliomfikia mlengwa kwa kasi kama ile.

Nadhani hiyo ndiyo tabia ya mji ule: kitu chochote kiingiacho hupangiwa kazi isiyokuwa ile kilichofanyiwa. Vitabu vilitangulia, mimi nilifuata na vitu vyangu.

Nyusi ndizo zilizoanza. Sisi kwetu mtu akiulizwa jambo analoliridhia, hali kinywa kimeshughulika, huinua nyusi na maneno yakesha. Kumbe kwa Wayunani nyusi zikiinuliwa maana yake ni kukataa, na kukataa kwenyewe kusikobembelezeka. Basi bibi mwenye mkahawa aliponijia kuniuliza kama nitaongezwa ule mkate wao wa tabaka nyembamba uliojazwa mboga za porini na jibini, ambao mfano wake sijauonja, niliinua nyusi kwa shauku yote niliyokuwa nayo, naye akaiondoa sahani. Akaja na maharage. Nikaziinua zaidi, yakarudi jikoni. Mwishowe alinitazama kwa huruma, akaniletea kikombe cha chai ya mlimani, ambayo huko hunyweshwa wagonjwa, nikainywa kwa utiifu na njaa yangu.

Asubuhi yake niliteremka kwenye korongo la mto Lousios kuizuru nyumba ya watawa ya Prodromos, iliyobandikwa katika uso wa genge hata mtu hushangaa waliojenga walisimama wapi. Kanuni ya mlangoni ni kwamba mwanamume avae suruali ndefu na mwanamke avae sketi, na wasiokuwa nazo huazimwa. Mimi, kwa sababu ya joto la kiangazi, nilikuwa nimejifunga kikoi. Mtawa mzee wa zamu alinitazama, akanizunguka, akanitazama tena, kwani kikoi changu kilikuwa kirefu, cha heshima, na kimetimiza masharti yote, isipokuwa yalikuwa masharti ya wake za watu. Baada ya kutafakari sana, akatundua suruali iliyoshonewa mtu mwenye neema kubwa ya mwili, nami nikaivaa chini ya kikoi, nikaingia nikiwa nimezitii sheria zote mbili kwa pamoja. Haki ya mtu asinyimwe: mtawa yule alinikirimu lukumi na maji baridi kana kwamba ndiye aliyenialika.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2, aliandika kwamba hakuna mto wenye maji baridi kama huu, na kwamba Zeus, mungu mkuu wa Wayunani wa kale, alipozaliwa aliogeshwa humo. Nilitia mguu mmoja. Nashuhudia kwamba Pausanias alikuwa mtu mkweli, na kama habari ya Zeus ni sahihi, basi zile ghadhabu zake za ukubwani zina asili inayofahamika.

Lililonipata kubwa lilinipata kwenye makumbusho ya nguvu za maji, yaliyofunguliwa mwaka 1997 karibu na mji. Hapo utaona jinsi maji yalivyosaga nafaka, na jinsi yalivyoiinua michi ya mbao ikatwanga shura, kiberiti na makaa hata ikawa baruti; na utaona pipa kubwa la mbao, wazi juu, ambamo maji huporomoka na kuzunguka kwa ghadhabu, yakifua mablanketi mazito ya sufu pasipo sabuni wala mkono wa mtu. Niliinama nione vizuri. Kofia yangu ya viua, iliyoshonwa Unguja kwa miezi, ikatiwa wanga na kunyooshwa kwa adabu, ilitangulia kuona.

Ilipoopolewa kwa fimbo, msimamizi alinipongeza kwa jinsi ilivyotakata, na hakusema uwongo, kwani hata siku niliyoinunua haikuwa nyeupe vile. Ila imenywea, haivuki utosi. Msomaji mwenye mwana anayekaribia kuhitimu chuoni, mwenye kichwa cha wastani, na aniletee habari, bei hatutashindana.