Picha ya Mjomba Haijakauka

Wanaojifunza kuchora sura za watu huambiwa kwamba penye kazi ni pua. Waongo. Kazi ni mwenye pua.

Mjomba alikuja kuchorwa akiwa na suti, skafu na medali ya mbio za nyika aliyoshinda enzi za Moi. Hapa Eldoret, kwa akina Kipchoge Keino, nyumba isiyo na medali huona haya. Nikamweleza kwamba mtindo huu wa kale, wa akina Leonardo da Vinci, hautaki mistari: kivuli huyeyukia kwenye mwanga taratibu, tabaka jembamba la rangi juu ya jingine. Akaitikia kwa kichwa. Alipoona tabaka la kwanza, kahawia tupu, akauliza, "Ni mimi huyu, au ni ukuta wa matope?"

Tena ngozi yetu haiitaki rangi nyeusi ya kwenye tyubu. Huufanya uso ufe. Unachanganya kahawia iliyokolea na buluu, kisha buluu hafifu unaigusisha kwenye paji la uso, pale mwanga wa dirisha unapotua. Aunti, mkewe, akaiona. "Mbona uso umepauka hivi? Mume wangu hatoki nyumbani bila mafuta!" Akaenda kuleta kopo la mafuta ya kujipaka. Nililizuia mlangoni.

Ikabaki kukausha. Rangi ya mafuta haingoji maji yatoke. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo hunywa oksijeni hewani hadi yagande, na baridi huyachelewesha. Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024, lakini iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai haikusomewa hati ya jiji. Kwa huruma, Aunti akaisogeza picha karibu na jiko la makaa, akalipuliza.

Asubuhi Mjomba alikuwa na ndevu za majivu, na mbu amenasa kwenye medali. Nikachukua brashi laini nisafishe. Akanishika mkono.

"Ndevu ziache. Sasa nafanana na mzee wa kuamua kesi za mashamba. Toa mbu."

Basi msomaji, ukichorwa kwa rangi za mafuta, lipa mapema na usiguse kitu. Vanishi ya mwisho hungoja miezi 6 hadi mwaka. Na jiko libaki jikoni.