Dawa ya Maji ya Chumvi
Brighton, katika pwani ya kusini ya Uingereza, palikuwa mahali pa wavuvi, nyavu na upepo mkali, wala hapana muungwana aliyepatamani, mpaka tabibu Richard Russell alipotoa risala yake ya Kilatini mwaka 1750, akidai kwamba maji ya bahari, kwa kuogwa na hata kwa kunywewa, huponya maradhi ya tezi. Na maji ambayo mvuvi alikuwa akiyatema bure yakawa dawa ya kulipiwa. Mwaka 1783 akaja George, mwana wa mfalme, mwenye madeni tele na shingo iliyovimba, akaona hewa ya pale ina shifaa kubwa, hasa kwa kuwa baba yake hakuwapo. Wakubwa waliomfuata, subhana Llah, wote wakapatwa na tezi. Bibi Martha Gunn, kwa mikono yake iliyokomaa, akawazamisha mabibi watukufu mawimbini, tena kwa ujira. Hatimaye likasimama kasri lenye makuba ya Kihindi nje na nakshi za Kichina ndani, la George, sasa mfalme, asiyefika Hindi wala China. Malkia Victoria, alipochoka kukodolewa macho, aliuuzia mji kasri hilo mwaka 1850, ila mapambo na samani akaondoka nazo.