Viti Visivyokaliwa

Mahasidi wa mtaani kwetu Ujiji hawaoni haya kumlaumu jirani yangu, mzee mstahiki, ambaye, baada ya fundi kuivika Peugeot 404 yake viti vya mahameli vilivyoshonwa kwa subira ya mdarizi wa kofia, kila mshono ukipimwa kwa kidole na kila msumari ukifichwa chini ya utepe, aliamua kwa hekima yake kuvifunika viti hivyo kwa nailoni, na juu ya nailoni shuka, na juu ya shuka akaweka amri kwamba asivikalie mtu. Mimi namtetea. Aina ile ya gari ilikwisha shinda mbio za Safari mwaka 1963, ikarudia mara tatu mfululizo tangu 1966 hata 1968. Je, haijastahili faragha? Tazameni masaibu ya meli ya Liemba, iliyozamishwa ziwani mwaka 1916 kwa adabu zote, mitambo yake imepakwa grisi, kisha Waingereza, kwa kukosa ustaarabu, wakaiopoa mwaka 1924, na badala ya kuitandikia mazulia na kuitazama, wakaipakia watu!

Juzi usiku binti wa nyumba ya pili alishikwa na uchungu. Mzee alitoka na taa, akaufungua mlango wa gari kwa taadhima, akatuonesha kitasa kipya kinavyong'aa, akapuliza vumbi, akaufunga. Binti akapelekwa hospitali ya Maweni kwa baiskeli. Na kwa kuwa njia ilijaa matope, sote tulimshukuru Mola kwamba mazulia ya gari yamesalimika.